Kichwa Kutikiswa na Upepo kwenye Pikipiki ya Safari: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Chanzo na Kukitibu

Ujumbe ninaoupokea mara nyingi kuliko mwingine wowote ni huu: pikipiki ya safari ndefu, mwendo ukifika kilomita 90 kwa saa kichwa kinaanza kugongwagongwa, namba za gari la mbele hazisomeki, na mtu akishuka shingo imekaza. Akanunua kioo cha mbele kirefu zaidi. Hali ikazidi kuwa mbaya. Akanunua kirefu kuliko hicho.

Nami nilianza hivyohivyo. Nilifunga kioo kirefu Nairobi jioni, alfajiri nikaanza safari ya Mombasa, na nilipofika Voi nilikuwa nimelalia tangi kwa sababu nikikaa wima sioni sawasawa. Kioo kile hakikuwa kibovu. Nilikuwa nimekinunua bila kupima chochote, na hilo ndilo kosa ninaloliona likirudiwa kila mwezi.

Kwa hiyo humu kuna utaratibu mmoja ambao nakuomba usiuvunje: pima, badilisha kitu kimoja, pima tena. Pesa itoke mwisho.

## Unapambana na nini hasa

Upepo wenyewe hautikisi kichwa. Endesha pikipiki isiyo na kioo kabisa: kifua kitasukumwa kwa nguvu, lakini kichwa kitatulia, kwa sababu hewa inakuja moja kwa moja bila kuvurugwa. Hiyo nitaiita hewa safi.

Hewa ikigonga kioo inapanda, na inapofika ukingo wa juu inachanika. Inajikunja na kuzunguka kama maji ya mto nyuma ya nguzo ya daraja. Hiyo ni hewa chafu. Wakati huohuo nyuma ya kioo, mbele ya kifua chako, shinikizo linapungua, na hewa ya chini kutoka kwenye shokapu za mbele na pembeni mwa tangi inapanda kwa kasi kuja kuziba pengo hilo. Mikondo hiyo miwili mara nyingi inakutana usawa wa helmeti.

Ndiyo maana kioo kirefu kinaweza kuharibu mambo. Kabla ya kukifunga, mpaka wa hewa chafu ulikuwa unapita mabegani. Sasa umeupandisha ukakaa puani.

Tena nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa mwendo. Ukitoka kilomita 80 kwenda 100 kwa saa, nguvu inakuwa mara 1.56 ya ile ya kwanza. Ukifika 120 ni mara 2.25. Pikipiki inayokutuliza mjini haijakuambia kitu kuhusu barabara kuu.

## Vitu vya kuandaa

- Teipu ya karatasi ya wapaka rangi, na teipu imara ya kitambaa
- Uzi wa sufu wa kufumia, wa rangi inayoonekana kwa mbali
- Futikamba na kalamu inayoandika kwenye plastiki
- Spana za L na bisibisi zinazoingia sawasawa kwenye bolti za kioo chako
- Bolti ndefu kidogo zenye unene na meno yaleyale (vioo vingi vinatumia M5, yaani bolti ya unene wa milimita 5), pamoja na washa za plastiki au vipande vya mpira vyenye tundu
- Dumu tupu la plastiki la lita 20, la kukatwa
- Geji ya upepo wa tairi
- Vizibo vya masikio vya sponji
- Daftari dogo
- Rafiki mwenye pikipiki au gari, na simu ya kurekodi video

Daftari si pambo. Baada ya jaribio la nne hutakumbuka la kwanza lilikuwaje, na utaanza kubahatisha.

## Hatua ya 1: Hakikisha ni upepo kweli

Jiulize kinachotikisika ni nini. Kama ni kichwa na mabega huku usukani umetulia mikononi, endelea na mwongozo. Kama usukani unacheza, au sehemu ya nyuma inayumba kama mkia wa samaki, achana na kioo. Hilo ni tatizo lingine, na ni la hatari zaidi.

Pima upepo wa tairi zikiwa baridi, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki au kibandiko kilicho kwenye kinga ya mnyororo. Kiwango cha kubeba mzigo huwa tofauti na cha kuendesha peke yako. Kisha simamisha pikipiki kwenye stendi ya katikati, rafiki akandamize nyuma ili gurudumu la mbele lining'inie. Shika shokapu chini kabisa, vuta na sukuma. Ukisikia kugonga, beringi za shingo ya usukani zimelegea. Geuza usukani polepole kutoka kushoto kwenda kulia. Ukihisi unanata katikati, beringi hizo zimelika.

Haya yatengenezwe kwanza, maana mbele kuna majaribio ya kutoa mkono mmoja kwenye usukani. Umefaulu hatua hii ikiwa kwa mwendo wa 90 kwenye lami nzuri usukani unatulia wenyewe na kinachosumbua ni kichwa peke yake.

## Hatua ya 2: Chagua siku na barabara

Pima alfajiri, kabla upepo wa mchana haujaamka. Ukienda 90 dhidi ya upepo wa kilomita 40 kwa saa, kioo chako kinakutana na upepo wa 130. Ukirudi, kinakutana na wa 50. Usipolijua hilo utadhani umetengeneza tatizo, kumbe umegeuza tu upande wa kuelekea. Ndiyo maana kila jaribio lifanywe kwa kwenda na kurudi.

Wanaoishi sehemu za upepo wa kudumu wachague siku kwa makini zaidi. Makambako, kusini mwa Tanzania, ni mji wa upepo, na kila apitaye barabara ya Mbeya anaujua. Kaskazini mwa Kenya, huko Marsabit karibu na Ziwa Turkana, zimesimikwa tabini 365 za umeme wa upepo kwa sababu upepo wa pale haupumziki. Hapo huwezi kupima kioo. Utakuwa unapima nchi.

Tafuta kilomita 5 hadi 10 za lami iliyonyooka, isiyo na malori mbele yako. Hewa nyuma ya semi-trela imevurugika kwa umbali mrefu, na ukiifuata utalaumu kioo kwa kosa la trela. Chagua mwendo mmoja wa majaribio yote, 80 au 90, unaoruhusiwa mahali hapo.

Jambo moja ambalo wengi hawalifikirii: hewa ya Nairobi ni nyepesi. Mji uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwendo uleule upepo wa Mombasa hukusukuma kwa nguvu zaidi kwa karibu asilimia 15 au kidogo kupita hapo. Ukipima bara na safari yako inaishia pwani, usiridhike na hali ya "inavumilika".

## Hatua ya 3: Anza na helmeti na nguo

Hapa ndipo watu wanaruka, na hapa ndipo tiba ya bure ilipo.

Vaa helmeti, funga mkanda wa kidevu, kisha ishike kidevuni na uizungushe kushoto na kulia. Ngozi ya mashavu inatakiwa iende nayo. Kama helmeti inateleza na uso umebaki palepale, ni kubwa kwako, na upepo kidogo tu utaitikisa kama kengele. Hakuna kioo kitakachotibu helmeti kubwa. Sponji za ndani nazo hulala baada ya miaka ya jasho, kwa hiyo helmeti iliyokubana vizuri wakati ule huenda leo imelegea.

Helmeti zenye kepu ndefu mbele, zile za barabara za vumbi, hushika upepo. Nyingi zina skrubu za kuiondoa kepu. Iondoe, fanya safari moja, andika matokeo. Nimeona watu wakimaliza tatizo lao hapo.

Kaza mikanda ya mikono na kiuno ya jaketi, funga kola. Kitambaa kinachopepea hupiga kelele na kusukuma mabega, nawe unahisi ni kichwa. Begi la mgongoni lihamie kwenye siti.

Kuhusu masikio sitaki kupita haraka. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, kelele ndani ya helmeti nyingi hufika desibeli 95 au zaidi. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wa afya kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda salama unakatwa nusu. Kwa desibeli 94 unabaki na saa 1. Kwa 100 ni dakika 15. Nairobi hadi Mombasa ni karibu kilomita 480, kwa hiyo fanya hesabu mwenyewe. Usikivu ukipotea kwa njia hii haurudi, na mlio wa masikioni unaobaki baada ya safari ni masikio yakikuambia yameumia.

Bana kizibo cha sponji kwa vidole hadi kiwe chembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, kiingize, kishikilie hadi kivimbe. Ukiongea mwenyewe na sauti yako ikasikika kama unaongea ndani ya mtungi, kimekaa. Honi na injini utaendelea kuzisikia. Kinachopungua zaidi ni ule mvumo wa upepo, na pamoja nao uchovu mwingi uliokuwa unadhani ni wa shingo.

## Hatua ya 4: Tafuta mpaka wa hewa chafu

Hii ndiyo hatua kubwa ya mwongozo wote. Ukiifanya kwa utulivu, zilizobaki ni za kutekeleza tu. Fanya kila jaribio kwa mwendo uleule, barabara ikiwa tupu mbele na nyuma, kioo cha helmeti kikiwa kimefungwa.

Simama. Panda polepole kwenye vikanyagio, magoti yamebana tangi. Sikiliza ni wapi mtikiso unakoma na mvumo kuwa wa namna moja.

Shuka. Kaa, kisha pinda mgongo ili kichwa kishuke sentimita 5, halafu 10.

Sogea mbele. Kaa kwa urefu wako wa kawaida, lakini peleka kifua mbele kama mtu anayetaka kusoma dashibodi.

Mkono. Inua mkono wa kushoto, kiganja kimelala, mbele ya uso wako juu ya ukingo wa kioo. Upandishe taratibu. Kuna mahali mkono unatoka kwenye utulivu au vurugu na kuingia kwenye upepo wa moja kwa moja. Huo ndio mpaka. Usizidishe sekunde chache, rudisha mkono, rudia. Kama huna uhakika na mkono mmoja, liache jaribio hili. Yale matatu yanatosha.

Sasa yasome majibu. Ikiwa kupanda kidogo tu kumekutuliza, ukingo wa kioo uko juu kuliko unavyohitaji: kishushe au kifupishe. Ikiwa kushuka kumekutuliza, kioo ni kifupi kidogo. Ikiwa kusogea mbele ndiko kumekutuliza, tatizo ni umbali: hewa chafu inazidi kutanuka kadiri inavyoondoka kwenye kioo, nawe umekaa mahali imekwisha kutanuka. Dawa yake huwa kwenye mwinamo na nafasi ya chini ya kioo, tutafika huko. Ikiwa hakuna kilichobadilika popote, shuku hewa inayotoka chini au urudi kwenye helmeti.

Ukirudi nyumbani, kaa kwenye pikipiki na rafiki apime kwa futikamba umbali kati ya mkao wako wa kawaida na mkao uliokutuliza. Andika. Namba hiyo ndiyo inayokosekana kwa kila mtu anayeniuliza "ninunue kioo gani". Kumbuka pia kwamba hewa inatoka kwenye kioo ikiwa inapanda, kwa hiyo kuinua ukingo kwa sentimita 3 kunaweza kuinua mpaka kwa zaidi ya hapo unapofika usoni.

Nyuzi. Kata vipande vya uzi vya sentimita 10, vibandike kwa teipu ya karatasi upande wa ndani wa kioo, kwenye ukingo wake wa juu, mabegani na pande zote za helmeti. Rafiki arekodi video akiwa sambamba nawe, kwenye njia yake, na anayerekodi awe abiria, si dereva. Uzi ulionyooka kuelekea nyuma uko kwenye hewa safi. Unaorukaruka uko kwenye hewa chafu. Ukiona uzi wa nyuma ya kioo umelala kuelekea mbele, hewa inarudi nyumanyuma pale, na una tatizo la pengo nililolieleza mwanzoni. Kwangu video ya dakika mbili ilifundisha zaidi ya mwaka mzima wa kubahatisha.

Umefaulu ukiweza kusema kwa kidole: mpaka uko hapa, mdomoni, na naweza kuukwepa kwa sentimita 6 kwenda juu au 9 kwenda chini.

## Hatua ya 5: Endesha mara moja bila kioo

Fungua kioo, hakikisha dashibodi na nyaya hazijabaki zikining'inia, kisha nenda kilomita 10. Utachoka kifua, hilo ni la kawaida. Unachotazama ni kichwa.

Kikitulia, kioo ndicho chanzo na kazi iliyobaki ni kukirekebisha. Kikiendelea kutikiswa bila kioo, rudi hatua ya 3 au ruka hadi hatua ya 8.

Jaribio hili lina faida nyingine. Baadhi ya watu hurudi wakiwa wamestaajabu jinsi kulivyotulia, na huamua kutumia kioo kifupi kabisa. Ni uamuzi wa busara kwa safari za mwendo wa wastani na joto la pwani.

## Hatua ya 6: Rekebisha kioo ulichonacho

Kuna vitu vitatu vya kuchezea: urefu, mwinamo, na nafasi ya chini. Gusa kimoja kwa wakati.

### Urefu

Kwenye pikipiki nyingine ni kazi ya sekunde: Kawasaki Versys 650 za kuanzia 2015 zina vifundo vya kulegeza kwa mkono, na baadhi ya BMW za GS zina kifundo cha kuzungusha. Suzuki V-Strom 650 za kuanzia 2012 zina nafasi tatu, lakini lazima ufungue bolti. Wenye pikipiki ya namna hiyo wengi hawajawahi kubadilisha nafasi iliyotoka nayo dukani. Jaribu zote.

Ukingo wa juu usipite usawa wa pua ukiwa umekaa kawaida. Barabara itazamwe juu ya kioo, si kupitia ndani yake. Usiku, mvua ikinyesha na taa za lori zikikujia, plastiki yenye mikwaruzo na wadudu hugeuka ukuta mweupe. Hapa sina mjadala: kioo kinachokutuliza kichwa lakini kinakuziba macho kimeshindwa kazi.

### Mwinamo

Kioo kilichosimama wima huichana hewa kwa ukali na kuacha pengo kubwa nyuma yake. Kikilala kidogo kuelekea kwako, hewa hupita kwa ulaini na ukingo wake unakukaribia, hivyo hewa chafu haipati nafasi ya kutanuka. Waliotulia kwa kusogea mbele waanzie hapa. Weka washa za ziada kwenye bolti za chini ili upande wa chini usogee mbele na wa juu ulale. Milimita 5 zinatosha kwa jaribio la kwanza.

### Nafasi ya chini

Hii imewasaidia watu wengi kuliko kitu kingine chochote nilichowahi kupendekeza. Ukiacha uwazi wa milimita 10 hadi 25 kati ya ukingo wa chini wa kioo na bodi ya mbele, hewa kidogo hupita nyuma ya kioo, hujaza lile pengo, na mkondo wa juu hauna tena sababu ya kujikunja kuja usoni kwako. Utahisi upepo mwepesi kifuani, na siku ya jua kali hilo si hasara.

Tumia bolti ndefu na vipande vya mpira, vyote vya unene sawa kushoto na kulia.

Maonyo ya kazi hii ni manne, na yote yametokana na vioo vilivyopasuka. Usikaze bolti kwa nguvu. Kaza hadi mpira ubanike kidogo, basi. Usipake gundi ya kuzuia bolti kulegea karibu na plastiki ya kioo, kwa kuwa inaweza kuitia nyufa. Usikioshe kwa petroli wala dawa za vioo vya nyumbani zenye amonia. Maji, sabuni laini na kitambaa safi vinatosha. Na bolti iingie kwenye nati yake ya mpira angalau kwa urefu ilivyoingia ile ya awali, la sivyo kioo kitaondoka njiani na kukujia usoni.

Baada ya kila badiliko rudi kwenye barabara ileile, mwendo uleule. Utajua umepata pale mtikiso unapogeuka mvumo mmoja usiopandapanda, na namba za gari la mbele zikasomeka bila kukunja macho.

## Hatua ya 7: Mdomo wa majaribio kutoka kwenye dumu

Kama majibu yako yalisema kioo ni kifupi, usinunue kirefu bado. Tengeneza kwanza mdomo, yaani kipande cha kuongezea juu ya kioo. Kata ubavu ulionyooka wa dumu la lita 20: upana sawa na juu ya kioo, urefu sentimita 8 hadi 10. Lainisha kingo. Ubandike kwa teipu ya kitambaa nje ya kioo, ukingo wake upite juu kwa sentimita 3, ukiwa umeinama kidogo kuelekea mbele kuliko kioo chenyewe. Toboa tundu pembeni, funga kamba hadi kwenye bolti ya kioo, ili ukibanduka usikurukie usoni. Usizidishe kilomita 80 kwa saa.

Jaribu sentimita 3, kisha 5, kisha badilisha mwinamo. Dumu halionyeshi, kwa hiyo hakikisha unaona barabara juu yake. Ukipata mahali panapokutuliza, piga picha kwa pembeni, pima, andika.

Sasa nenda dukani. Kuna midomo ya kubana juu ya kioo, yenye vishikio vya kurekebisha urefu na mwinamo, na hiyo ndiyo ninayoipendekeza kabla ya kioo kipya: ni ya bei nafuu kuliko kioo kizima, na ukiuza pikipiki unaondoka nayo. Ile inayoacha uwazi mdogo kati yake na kioo hufanya kazi vizuri zaidi, kwa sababu ileile ya nafasi ya chini.

Waliopata jibu la kinyume, yaani kioo kirefu mno, na hakishuki zaidi: kukata kunawezekana, ila usikate kioo pekee ulicho nacho. Tafuta cha zamani. Kifunike kwa teipu ya karatasi, chora mstari, kata sentimita 2 tu kwa msumeno wa meno madogo, piga msasa, nenda ukapime. Ukikata 6 kwa mara moja huwezi kuzirudisha.

## Hatua ya 8: Funga hewa inayotoka chini

Dalili yake: kidevu cha helmeti kinainuliwa, kola inapulizwa kutoka ndani, na kubadilisha kioo hakukuleta tofauti kubwa. Jaribio ni rahisi. Ukiwa kwenye mwendo wa majaribio, bana magoti kwenye tangi uwezavyo. Kisha weka kiganja cha kushoto, kwa sekunde chache tu, chini ya kidevu. Kichwa kikitulia, umempata mwizi.

Kata vipande vya plastiki vya kukinga nyuma ya shokapu za mbele, pale hewa inapopenya kati ya shokapu na bodi, uvifunge kwa kamba za plastiki za kukaza. Geuza usukani hadi mwisho pande zote mbili na uibonyeze pikipiki mbele. Kipande kikigusa chochote, kikizuia usukani au kebo, kitoe. Begi la juu ya tangi nalo husaidia, maana linakaa palepale kwenye pengo.

Usizibe rejeta wala njia ya hewa ya injini. Kwenye barabara tambarare hutaona tofauti, lakini siku utakapopanda mlima wa Kitonga, kwenye barabara ya Iringa, nyuma ya malori yanayotambaa, joto la injini litakuonyesha kosa lako.

## Hatua ya 9: Pima tena ukiwa na mzigo na abiria

Mzigo wa nyuma huishusha pikipiki nyuma na kuinua mbele, kwa hiyo mwinamo wa kioo uliouhangaikia umebadilika. Rekebisha springi ya nyuma kwa uzito wa safari kabla ya kugusa kioo. Boksi la nyuma libebe vitu vyepesi na lisipite uzito na mwendo vilivyoandikwa kwenye kibandiko chake. Mizigo mizito ikae chini, kwenye maboksi ya pembeni.

Abiria ana tatizo lake. Anakaa juu zaidi na nyuma zaidi, mahali hewa chafu ya kioo na ya mabega yako imeshatanuka. Muulize, kwa sababu wengi huvumilia kimya. Akisema anapigwa, asogee akukaribie kwanza. Mara nyingi pengo la sentimita 15 kati yenu ndilo linalomsumbua. Isipotosha, shusha kioo nafasi moja. Wewe utapata upepo zaidi kifuani, naye atapata hewa iliyonyooka.

Basi likija mbele kwa kasi, kumbuka mtikiso wa hapo hautibiwi na kioo. Kwanza linakusukuma, kisha linakuvuta kulielekea. Shika usukani bila kukakamaa, bana magoti, sogea upande wa nje wa njia yako mapema kabla halijafika.

Ukishapata mpangilio wako, weka alama ya kalamu kwenye kila bolti na kwenye kioo, na uandike daftarini unene wa washa, nafasi ya kioo, upepo wa tairi na helmeti uliyovaa. Baada ya kilomita 500 za kwanza kagua bolti zote kwa mkono. Za juu ndizo hulegea kwanza.